Bukta ninayoianika bafuni

BARUA

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina mume na watoto wawili. Naishi Sinza, kazi yangu ni ya uhasibu kwenye ofisi moja Posta. Nimesita sana kuandika kwa sababu jambo lenyewe ni la nguo tu, lakini linaninyima usingizi na sina wa kumwambia.

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba baada ya kuchoka kugombania daladala. Kutoka nyumbani hadi kazini ni kama kilomita 9. Napita Shekilango, nashika Morogoro Road na kufuata njia ya pembeni ya mwendokasi mpaka mjini. Nilianza kwa siku mbili kwa wiki, sasa ni nne. Mgongo uliokuwa unanisumbua umetulia na usiku nalala. Ile raha ninayoipata nikiwa juu ya baiskeli, mama, mara ya mwisho niliipata nikiwa msichana.

Mimi ni Mwislamu, navaa baibui na mtandio. Mwanzoni niliendesha na baibui hivyo hivyo, nimelikunja kiunoni. Siku moja karibu na Magomeni pindo lilichomoka likaingia kwenye cheni. Nilihisi navutwa upande wa kulia kama mtu kanishika nguo, pedeli ikagoma, nikaenda chini kwa bega. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akazungusha pedeli kinyumenyume, taratibu, mimi nimekaa chini nimeshika kitambaa. Kilipotoka kilikuwa cheusi kwa grisi, na meno ya gia yameacha matundu yamejipanga kama ya cherehani. Tangu siku hiyo kwenda kazini navaa suruali ya kitambaa na shati refu, baibui liko kwenye begi.

Kisha mwenzangu kazini akanitia kwenye kikundi. Kila Jumamosi baada ya swala ya alfajiri tunakutana Mwenge, tunakwenda Bunju na kurudi, ni kama kilomita 50. Wanawake tuko wanne. Wenzangu wanavaa zile bukta za kubana zenye sponji. Nami nikanunua moja nyeusi, naivaa chini ya skintaiti ndefu, juu jezi. Miguu haionekani, lakini mwili unachoreka, na hilo silipendi.

Mama mkwe anaishi nasi tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ni mama wa Tanga mwenye heshima zake, ameshona nguo kwa cherehani zaidi ya miaka 30. Hata sasa akiona pindo la mjukuu limefumuka anaomba sindano. Hajawahi kunitolea neno baya, na ndiyo maana namwogopa zaidi. Jumamosi natoka na baibui juu ya kila kitu, naisukuma baiskeli hadi kwa rafiki yangu mtaa wa pili, navua huko. Nikirudi ni vivyo hivyo. Bukta naifua usiku, naianika bafuni nyuma ya pipa la maji.

Wiki tatu zilizopita mama mkwe alitoka bafuni ameishika. Aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, akabonyeza ile sponji. Akaniuliza, "Hii ya mtoto gani?" Nikamwambia ni ya mpangaji wa chumba cha uani. Akasema, "Haya," akairudisha pale pale. Tangu siku hiyo nikikaa naye sebuleni macho yangu yako kwenye TV lakini sioni kitu.

Mume wangu niliwahi kumwuliza kama anaona vibaya mimi kuvaa nguo za mazoezi. Alisema, "Fanya unavyoona." Nikaelewa hataki.

Na sasa mwili nao umekataa. Nimetoka vipele mapajani, panapogusa siti pamechubuka na panawasha. Jumamosi iliyopita niligeuzia Tegeta. Ndani ya bukta navaa chupi safi ya pamba kila safari, na nimepaka krimu niliyopewa dukani, lakini hali ni ile ile. Nimeanza kufikiri labda ni ishara niache.

Nivae nini cha kazini, cha Bunju na cha sokoni? Au niachane na kikundi nibaki na safari za kazini tu? Na yule mama nimwambie nini?

Mwenye baiskeli, Sinza


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa bega, na pole kwa hizi wiki tatu za kukaa sebuleni bila kukaa.

Umeniuliza maswali ya nguo na maswali ya nyumba kwa pamoja, na nilipoisoma barua yako mara ya pili nikaona yamefungamana kuliko unavyodhani. Unaendesha baiskeli na inakupa afya na furaha. Safari zako ni za namna tatu na kila moja inadai vazi lake. Vazi la safari ndefu unaona linakuaibisha, basi unalificha. Kisha mwili umeanza kuuma, nawe umeuhesabu huo uchungu kama hukumu. Niruhusu nianze na mwili, maana huo hauwezi kusubiri.

Bukta ya sponji imeshonwa ili iguse ngozi moja kwa moja. Haivaliwi na chupi. Najua hili linashtua, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba usafi ni chupi, lakini itazame chupi yako ya pamba: mishono yake inapita pale pale unapokalia. Pamba inanywa jasho na kukaa nalo. Baada ya nusu saa mshono uliolowa unageuka kamba, na wewe kwa mwendo wa kwenda Bunju na kurudi unaisugua hiyo kamba maelfu ya mara. Ile sponji uliyoinunua imewekwa mishono bapa na kitambaa kinachokauka haraka ili kukuepusha na hilo hilo, nawe ukaingiza tena katikati kitu kinachokuchubua.

La pili ni bafuni. Mwanangu, hewa ya Dar unaijua. Taulo tu likikosa jua linanuka siku ya pili. Sponji nene iliyoanikwa nyuma ya pipa la maji Jumamosi usiku sina hakika kama Jumatano inakuwa imekauka kwa ndani. Fangasi hawahitaji zaidi ya hapo: joto, unyevu, giza. Unaiosha vizuri, kisha unawafuga fangasi ndani yake. Bukta hiyo inatakiwa kuvuliwa mara unaposhuka kwenye baiskeli, si baada ya chai na mazungumzo kwa rafiki yako. Ifuliwe siku ile ile kwa sabuni ya kawaida, igeuzwe ndani nje, ianikwe penye jua na upepo. Na kwa Jumamosi hadi Jumamosi moja inatosha, mradi inakauka.

Vipele siwezi kuvitibu kwa barua. Kuwasha na kuchubuka vinaweza kuwa vitu viwili tofauti vimekutana mahali pamoja. Nenda zahanati uonwe, na iache hiyo krimu ya dukani mpaka uonwe. Baadhi ya krimu zinazouzwa hivyo ni za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Zinatuliza muwasho kwa siku chache huku fangasi wanasambaa chini yake. Mpe ngozi mapumziko ya safari ndefu hadi ipone. Ukiona usaha, uvimbe, au ganzi isiyokwisha sehemu hizo, usingoje.

Na kabla ya kulaumu nguo, iangalie siti. Wengi wanaonunua baiskeli ya mtumba wanaiendesha kwa urefu wa mwenye mali wa kwanza. Ikiwa juu mno, nyonga zinacheza kushoto na kulia kila unapokanyaga, na hapo bukta iwe ya bei gani utachubuka tu. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila kuinamisha kiuno kuifuata pedeli. Pua ya siti isitazame juu.

Sasa nguo zenyewe. Umeandika kana kwamba unatafuta jibu moja, nguo moja ya heshima itakayokufikisha kila mahali. Mimi nilipokuwa mwalimu nje ya mji niliendesha baiskeli miaka kadhaa, na nakumbuka nguo ya kwenda shuleni haikuwa ile ya kwenda mnadani.

Safari ya kazini umeshaipatia nusu. Kilomita 9, umekaa wima, hazihitaji sponji. Suruali ya kitambaa chepesi, pana mapajani na nyembamba kifundoni, inatosha. Kama mguu wa kulia ni mpana, ufunge kwa lastiki. Shati refu ni zuri, ila lisivuke goti na liwe na mpasuo pembeni, kwa sababu nguo ndefu ina adui mwingine usiyemtaja: pua ya siti. Unasimama kwenye taa za barabarani, unashuka, unataka kukalia tena, na pindo limenasa nyuma yako. Hapo ndipo watu wanaanguka wakiwa wamesimama. Jasho la mwezi wa kwanza huwezi kulikwepa, lakini unaweza kupunguza mwendo dakika kumi za mwisho ufike umeanza kupoa, ujifute kwa kitambaa kibichi kisha ubadilishe. Baibui lisikunjwe, liviringishwe, halitakuwa na mikunjo. Masika nayo ikija usikimbilie koti la plastiki lisilopitisha hewa. Utalowa kwa ndani sawa na nje. Nguo kavu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ni kinga bora kuliko koti.

Ya sokoni ni fupi, na huko hata baibui linawezekana, ila baiskeli yako ndiyo itakayoamua. Pwani ya mashariki ya Unguja, vijiji kama Paje na Jambiani, nimeona wanawake na mabaibui yao na kanga zao wakiendesha bila wasiwasi. Lakini tazama baiskeli ya namna hiyo: fremu imeshuka katikati, cheni imefunikwa na kava, gurudumu la nyuma lina madigadi pana. Fundi wa baiskeli anaweza kukufungia kava la cheni na wavu wa kuzuia nguo kwenye spoku. Bila hivyo vitu viwili, nakuomba, yale matundu ya Magomeni yasijirudie.

Safari ya Bunju ndiyo yenye mgogoro. Unasema hupendi mwili unavyochoreka. Hilo ni lako, wala sitakuambia ulizoee kwa sababu wenzako wamelizoea. Mipaka ya sitara mwulize unayemwamini kwa elimu ya dini. Mimi nitasema la kitambaa tu. Bukta ya kubana inafanya kazi yake hata ikifunikwa. Kinachohitajika ni ibaki imeshikana na ngozi, basi. Juu yake unaweza kuvaa suruali nyepesi isiyobana badala ya skintaiti, au sketi fupi ya kitambaa kinachonyumbulika inayoishia katikati ya paja juu ya skintaiti hiyo hiyo, imebanwa vya kutosha isipeperuke wala kunasa kwenye siti. Hasara yake ipo: joto linaongezeka kidogo, na kitambaa kibaya kitakusumbua. Mtandio uwe mwembamba, wa kunyumbulika, ncha zimeingizwa ndani ya jezi, na usiwe na pini hata moja chini ya helmeti. Ukianguka na pini kichwani, helmeti ndiyo itakayoikandamiza.

Kuna kitu hukukitaja kabisa. Bukta nyeusi, nadhani na skintaiti nyeusi, baibui jeusi, na mnatoka Mwenge baada ya alfajiri wakati Bagamoyo Road bado giza na malori yameshaamka. Vaa kizibao cha reflekta kama cha bodaboda, na mikanda ya reflekta kwenye vifundo vya miguu, maana kinachopanda na kushuka dereva anakiona mapema. Kizibao kipana pia kinafunika kile kiuno kinachokupa aibu. Kwa hili mwanangu sikupi uhuru wa kuchagua.

Usidhani ni wewe wa kwanza kukosa usingizi kwa ajili ya nguo ya baiskeli. Mwaka 1898 huko Uingereza, Lady Harberton, mtetezi wa mavazi huru kwa wanawake, aliingia hotelini amevaa suruali pana za kuendeshea, akakataliwa kuhudumiwa kwenye chumba cha kahawa. Kesi ilifika mahakamani mwaka uliofuata, na upande wake ukashindwa. Suruali zenyewe leo ungezivaa mbele ya shehe.

Tuje nyumbani.

Unaamini mama mkwe hajui. Nimeirudia mara kadhaa ile sehemu ya barua. Mwanamke aliyeshona nguo zaidi ya miaka 30 ameishika bukta, ameigeuza ndani nje, amepitisha kidole kwenye mishono. Jicho linaweza kuwa limetoka hospitali juzi, lakini mkono wa fundi unapima kiuno bila futi. Je, unadhani kweli alidhani ni ya mtoto? Mimi sikuwepo. Lakini najiuliza kama hakuwa anakufungulia mlango mdogo upite, nawe kwa woga ukaufunga kwa mpangaji wa uani. Alisema "Haya," akairudisha pale pale. Hakuipeleka uani kwa huyo mpangaji.

Inawezekana pia nimekosea, na amekaa na neno moyoni. Ukimya wa wazee wetu una maana nyingi. Ndiyo maana siwezi kukuambia, nenda kamwambie leo. Ukimwambia, anaweza kusema hapendi, na hapo utakuwa huna tena nafasi ya kujifanya hukusikia. Jiulize kabla: akikataa, utafanya nini? Usipomwambia, mtaa wa pili si mbali, na mtu mwingine anaweza kumwambia kwa maneno yasiyo yako. Halafu bukta itaendelea kubaki nyuma ya pipa, na ngozi yako ndiyo inayolipa kodi ya hapo.

Kuacha kikundi nako ni njia, si aibu. Kama zile Jumamosi zinakupa wasiwasi kuliko raha, safari za kazini peke yake ni mazoezi ya kutosha mtu mzima. Ila ujue unaacha kwa sababu gani. Ukiacha kwa sababu ya vipele, vipele vina dawa. Ukiacha kwa sababu ya yule mpangaji wa uani, utakuwa umeacha baiskeli na uongo umebaki nao.

Mume wako alisema, "Fanya unavyoona." Ukaelewa hataki. Mimi nikisikia maneno hayo nasikia mambo matatu: ruhusa, uchovu, au kinyongo. Ulimwuliza kuhusu "nguo za mazoezi" kwa jumla. Je, alijua unaulizia nini? Je, anajua kwamba ulianguka Magomeni? Barua yako haisemi. Yeye yuko katikati ya mke na mama, na kama mama yake atamfikia kwanza na habari ya bukta, ataonekana haijui nyumba yake. Ningependa asikie kwako, jioni moja watoto wamelala, bila kuanza na nguo. Anza na ile raha uliyoniandikia mimi nisiyekujua. Huenda hajawahi kuisikia.

Na kuhusu mama, kama siku itafika ya kusema, nina wazo ambalo unaweza kulikataa. Nyumbani mwako kuna fundi. Ile sketi ya juu ya skintaiti niliyoitaja, ya kunyumbulika, isiyonasa wala kupeperuka, haipatikani kirahisi madukani kwa kipimo chako. Mtu anayejua kitambaa kipi kinavutika upande upi na mshono uwekwe wapi usichubue unakula naye kila siku. Labda macho hayamruhusu kutunga uzi sasa, lakini anaweza kumwelekeza fundi mwingine. Hatari ipo: anaweza kuona unamzunguka, unamwomba kazi ili asikukemee. Kwa hiyo usimwendee na sketi kabla ya kumwambia kwamba ile bukta ni yako. Maneno manne yanatosha, "Mama, ile ni yangu," kisha nyamaza umsikilize.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, angalia hiyo siti. Na ukipata nafasi ya kuniandikia tena, nitafurahi kujua zahanati wamesema nini, na bukta inakaukia wapi.